Shanga Tupu

Kazi yangu, Villads, ni kuvua bila chambo
na kuandika kilichonasa.
Miaka thelathini na mmoja katika jengo hili la Odense,
dirisha langu likitazama baiskeli na theluji iliyochafuka,
mimi ndiye mama wa shanga tupu.

Wewe unapewa shanga zenye kingamwili,
zinazoijua protini moja kwa jina na kuikamata shati.
Unazipasua seli kwa sabuni, juu ya barafu, taratibu,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake,
na protini yako inatoka na wote walioishikilia:
ndugu, mshirika, mdai, mpita njia.
Tripsini inawakata vipande.
Vipande vinatiwa chaji, vinarushwa kwenye ombwe,
na mashine, isiyojua uso wa mtu wala haya,
inavipima uzito kimoja kimoja.

Jumatatu ulipanda ngazi mbio.
"Jytte, nimempata! Mshirika mpya! Mara tatu, Jytte!"
Kilele kwenye kioo kilikuwa kirefu, chembamba,
mnara wa kanisa peke yake uwandani.
Ulikwisha kuchora mstari kwenye ramani,
duara hadi duara, kwa wino mwekundu,
na sweta ya sufu uliyofumiwa na shangazi yako wa Tórshavn
ilikuwa bado inadondosha mvua.

Sikusema kitu.
Nilitoa mirija yangu mitatu kwenye friji.
Seli zile zile, sabuni ile ile, saa ile ile,
maji ya kuoshea yale yale,
ila shanga hazikuwa na wa kumwita.
Mashine ikaguna usiku kucha.

Watu husema lisemwalo lipo,
na kama halipo, li nyuma laja.
Si hapa. Hapa lisemwalo hupimwa upya
na mtu asiyetamani liwepo.

Asubuhi kilele chako kilikuwa kwangu pia.
Urefu ule ule. Tulimjua:
hushika chochote, hata plastiki ya mrija,
mdoezi aliyekula harusi zote za mjini
na hajui bwana harusi ni nani.
Na pembeni yake, keratini.
Nikadhani ni ngozi yako, au yangu.
Nikatafuta kwenye orodha.
Ya kondoo.

Ulicheka. Halafu hukucheka.
Ukaivua sweta, ukaikunja kama bendera ya msiba,
ukakaa mikono wazi, mwezi wa pili.

Profesa Ravnkilde hana muda wa kukwambia hili:
kuambatana si kujuana.
Ndani ya seli mna msongamano, kila mtu anamgusa kila mtu.
Miaka sita nilisimama kituo kimoja cha basi na Egon,
tukisalimiana. Nilimwona wa basi, basi.
Kisha kituo kikahamishiwa mtaa wa nyuma,
ambako basi lake halipiti.
Yeye akaja.

Sasa sogea, tazama hapa,
mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Kichuguu tu, hukukitazama, kilikuwa kivulini mwa mnara.
Kwako kipo, kipo, kipo.
Kwangu sifuri mara tatu.

Usikimbie ngazi.
Chora mstari, kwa penseli.
Rudia kwa kingamwili nyingine, na seli zilizokuzwa upya,
na umwombe Siv afanye kwa mkono wake, bila kumwambia unatarajia nini.
Mimi nitaosha shanga zangu, nitavua tena bila chambo.
Na hili usimwambie mtu, si la mtu wa kazi yangu:
safari hii ninaomba
nisipate kitu.